Duchesi wa Amalfi na shahidi wa nyuma ya pazia

Leo tunawaletea kisa cha mwanamke aliyefunga ndoa chumbani kwake, mlango umefungwa, na shahidi mmoja tu kajificha nyuma ya pazia. Baadaye kaka zake wakaamuru anyongwe. Shahidi naye akanyongwa siku hiyo hiyo. Ni tamthilia ya Kiingereza iitwayo The Duchess of Malfi, ya John Webster, iliyoigizwa London karibu mwaka 1613 au 1614. Duchesi ni cheo cha mwanamke wa ukoo unaotawala jimbo. Malfi ni Amalfi, mji wa pwani kusini mwa Italia.

Kikundi chetu kimeisoma kwa simu mbili na nakala moja ya karatasi ambayo kurasa zake za mwisho zilikuwa zimelowa. Wengi wetu tulikuwa tunamjua Shakespeare peke yake, tena kwa Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere. Huyu Webster alikuwa mgeni kwetu. Kuna jioni tulimaliza kurasa nne tu maana mabishano yalizidi kusoma. Tulipotafuta habari zake tukakuta jambo ambalo hatukulitegemea: yule mwanamke aliishi kweli.

Aliitwa Giovanna d'Aragona. Alizaliwa mwaka 1478 hivi katika ukoo wa wafalme wa Napoli. Mfalme Ferrante alikuwa babu yake. Mwaka 1490 akaozwa kwa Alfonso Piccolomini wa Amalfi. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka kama 12. Mume alishika utawala wa Amalfi mwaka 1493, akafariki mwaka 1498, akamwacha binti wa miaka 20 hivi akiwa mjane mwenye mimba. Mtoto wa kiume alizaliwa mwaka uliofuata, na Giovanna akawa anatawala kwa niaba yake. Inaonekana aliiweza kazi.

Hapa tusimame kidogo, maana usipoelewa hali ya mjane wa zama zile, kisa chote kitakupita.

Zama hizo Wazungu wanaziita Renesansi, yaani kuzaliwa upya kwa elimu na sanaa. Zilianzia Italia karne ya 14 na kufika Uingereza karne ya 16. Shuleni tunafundishwa picha nzuri, majengo na wavumbuzi. Lakini ukiuliza mwanamke alizaliwa upya wapi, unapata jibu gumu. Msichana alikuwa chini ya baba. Akiolewa anaingia chini ya mume, na kwa sheria ya Uingereza mume na mke walihesabiwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ndo mume. Pesa na vyombo vya mke vinakuwa vya mume. Mke hawezi kuweka mkataba wala kushitaki kwa jina lake bila mume. Mume akifa, mambo yanabadilika ghafla: mjane anamiliki mali yake, anatia sahihi, anakwenda mahakamani mwenyewe. Kwa wanawake wengi waliozaliwa na kuolewa, ujane ndio ulikuwa mara ya kwanza ya kusikilizwa kama mtu mzima. Ni uhuru wa ajabu, unaoletwa na msiba.

Na mambo ya mahari kule yalikwenda kinyume na kwetu. Kwetu upande wa mwanaume ndio unaotoa ng'ombe, mbuzi au pesa. Kwa matajiri wa Italia baba wa msichana ndiye aliyetoa fungu la pesa kumpa bwana harusi, na mafungu hayo yaliendelea kupanda. Mwaka 1425 mji wa Florence ulianzisha mfuko maalumu wa serikali: baba anaweka akiba binti akiwa mdogo, inazaa, binti akifikia kuolewa inalipwa kwa mumewe. Wenye mabinti wengi na pesa chache waliozesha mmoja au wawili, waliobaki wakapelekwa kwenye nyumba za watawa, wawe na wito au wasiwe nao. Kwa hiyo ndoa ilikuwa kwanza mpango wa mali baina ya koo mbili. Mapenzi, kama yapo, yatakuja baadaye.

Sasa mrudie Giovanna. Ana miaka ishirini na kitu, anatawala, hana mume wa kumsimamia. Kaka yake Luigi ni Kardinali wa Kanisa, na Carlo ni mtu mkubwa mwenye jimbo lake. Dada mjane kwao ni kama shamba lenye hati mkononi: wanaweza kumwoza kwa atakayewafaa, au kumwacha ajane mali ibaki karibu. Yeye akampenda Antonio Bologna, msimamizi wa nyumba yake. Bandello, mwandishi wa Italia aliyekiandika kisa hiki, anasema Antonio alikuwa mtumishi wa mfalme wa mwisho wa ukoo ule, akamfuata uhamishoni Ufaransa alipopoteza kiti chake, kisha akarudi. Yaani mwanaume mwenyewe alishaonja ukimbizi kabla ya ndoa.

Wakaoana kwa siri. Wakazaa mtoto wa kwanza, siri ikashikilia. Walipozaa wa pili minong'ono ikaanza, na Antonio akatangulia Ancona na watoto. Mwezi wa Novemba 1510 Giovanna akatangaza kwamba anakwenda kuhiji Loreto, akaondoka na msafara mkubwa, na baada ya hija akaingia Ancona. Pale akawaambia watumishi wake wazi: huyu ndiye mume wangu, hawa ni wanangu, anayetaka kurudi Amalfi arudi. Karibu wote walirudi.

Kilichofuata sisi hatuhitaji kuelezwa sana. Kardinali alitumia nguvu zake kwa wakuu wa Kanisa, wakafukuzwa Ancona. Wakaenda Siena. Siena nako wakaambiwa waondoke. Wakashika njia ya Venice, na njiani wakakamatwa. Antonio na mtoto mkubwa walifanikiwa kukimbilia Milano. Giovanna, watoto wadogo na mtumishi wake wa kike walirudishwa Amalfi, na hakuna aliyewaona tena. Antonio aliishi Milano akiambiwa kuna matumaini ya kupatana na shemeji zake. Mwaka 1513 akachomwa visu barabarani akafa.

Bandello alichapisha kisa mwaka 1554. Mfaransa Belleforest akakichukua na kukijaza mahubiri, kisha William Painter akakileta kwa Kiingereza mwaka 1567. Kwa Painter kosa ni la mwanamke: angetawala tamaa zake, angezingatia cheo, yasingemkuta. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nadhani mmeshasikia maneno ya namna hiyo kwenye vikao vya kusuluhisha. "Na yeye alikuwa anatafuta nini?"

Webster alisoma kitabu hicho hicho akaandika kitu kingine. Na ajabu ni kwamba aliandika kwa ajili ya jukwaa lisilo na mwanamke hata mmoja. Uingereza wakati ule wanawake hawakuruhusiwa kuigiza kwenye kumbi za kulipia. Nafasi zao zilichezwa na wavulana mpaka baada ya mwaka 1660. Kwa hiyo maneno makali kuliko yote ya mwanamke huyu yalisemwa na kijana aliyevaa gauni. Kundi lililoigiza ndilo lile la Shakespeare, kwenye ukumbi wao wa ndani wa Blackfriars, wenye kuangazwa kwa mishumaa.

Mwanzo wa mchezo kaka wawili wanamkalisha dada yao na kumwonya asiolewe tena. Hapo Ferdinand ni pacha wake, na Kardinali ni Kardinali. Wanaongea kwa zamu kama watu waliofanya mazoezi, na yeye mwenyewe anawaambia hivyo. Wakitoka tu, anamwita Antonio kwa kisingizio cha kuandika wosia. Jicho la Antonio lina wekundu, Duchesi anampa pete yake aligusishe, kama dawa. Kisha anamwambia pete ile aliapa kumpa mume wake wa pili tu. Antonio anababaika. Hawezi kumposa bosi wake, basi bosi ndiye anayeposa. Dada zetu kikundini walipiga makofi hapo. Kaka mmoja akasema huyo mwanaume ni mwoga, na mpaka leo hajabadilisha msimamo.

Nyuma ya pazia kuna Cariola, mtumishi wake. Duchesi amemweka pale makusudi ili asikie. Anapomtoa, anaeleza kwamba amesikia kwa wanasheria kuwa mwanaume na mwanamke wakitamkiana, kwa maneno ya wakati uliopo, kwamba wanaoana, hiyo ni ndoa kamili.

Tulibishana sana hapa, tukatafuta. Kumbe alisema kweli. Kwa sheria ya Kanisa ya wakati wa Giovanna, maneno ya "nakuoa sasa" kati ya watu wawili walio huru yalifunga ndoa hata bila padre. Kanisa liliwakemea waliofanya hivyo, lakini halikuweza kusema hawajaoana. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ndipo ulipoamuru lazima awepo paroko na mashahidi wasiopungua wawili. Uingereza ilikuwa imeshaachana na Roma, kwa hiyo amri hiyo haikuishika, na ndoa za maneno matupu ziliendelea kuwa halali kule mpaka sheria ya mwaka 1753. Watazamaji wa Webster walijua hayo vizuri. Walikuwa wanamtazama mwanamke mwenye ndoa halali, isiyo ya utaratibu, isiyothibitika mbele ya mtu yeyote mwenye nguvu.

Na ukiangalia tanzia nyingine za wakati ule, utaona hilo linajirudia. Juliet wa Shakespeare, ambaye hata miaka 14 hajatimiza, anafungishwa ndoa ya siri na padre, halafu baba yake anampangia mume mwingine kwa sababu hajui. Desdemona wa Othello anatoroka usiku kuolewa na jemadari mweusi, mgeni katika Venice. Lakini yeye alipata kitu ambacho Duchesi hakupata: baraza. Baba yake alipolalamika mbele ya watawala, Desdemona aliitwa, akaulizwa, akajibu kwa kinywa chake, na ndoa yake ikakubaliwa palepale. Kilichomuua baadaye kilitoka ndani ya nyumba yake. Duchesi hakuitwa popote.

Tunalisema hili kwa sababu ya onyesho moja lililotushika kuliko yote. Familia ipo Loreto, mbele ya madhabahu. Kwenye jukwaa hakuna anayeongea, ni vitendo na muziki tu. Kardinali anavua nguo za Kanisa anavaa za vita. Kisha Duchesi, mumewe na watoto wanatokea, na kwa ishara wanafukuzwa Ancona. Kardinali anamvua dada yake pete ya ndoa kwa nguvu. Pembeni wamesimama mahujaji wawili, watu wa kawaida tu, na baada ya onyesho ndio wanaoongea. Mmoja anauliza Ancona ilipata wapi haki ya kuamua mambo ya mtawala huru. Mwenzake anajibu kwamba Papa amesikia habari za uhuni wake na ameshalinyakua jimbo. Ndivyo hivyo. Wenye uamuzi wamenyamaza, anayeamuliwa amenyamaza, wapita njia ndio wanaouliza maswali.

Tulipofika hapo dada mmoja wa kikundi alituomba tusimamishe. Ametukubalia tuandike habari yake bila kumtaja. Yeye aliolewa nyumbani kabla ya vita, kwa wazee, mbuzi wakatolewa, ng'ombe akaahidiwa. Karatasi hakuna, na nani kijijini alikuwa na karatasi? Mumewe alifia njiani. Alipofika na kuandikishwa, akaandikwa mwanamke ambaye hajaolewa mwenye watoto watatu. Alieleza. Akaulizwa: shahidi yuko wapi? Waliokula zile mbuzi wamezikwa au wametawanyika nchi nne. Baadaye ndugu wa mumewe wakatokea kambi nyingine, wakaanza kusema kwamba hawana shemeji, ila watoto wanawajua, watoto ni wao. Alisema kimya kimya: "Mimi nilikuwa na shahidi wengi kuliko huyu mama. Yeye alikuwa na Cariola peke yake." Jioni hiyo hatukuendelea kusoma.

Tusije tukadhani Webster alibuni hofu hiyo, au aliitoa Italia pekee. Wakati anaandika, London yote ilikuwa inajua kesi ya Arbella Stuart, binamu wa mfalme James wa Kwanza. Kwa damu yake alikuwa karibu na kiti cha ufalme, kwa hiyo hakuna aliyetaka aolewe ovyo. Mwezi wa Juni 1610, akiwa na miaka 34, akaolewa kwa siri na William Seymour, ambaye naye alikuwa na damu ya kifalme. Mfalme akawatenganisha, wote wakawekwa kizuizini. Mwaka 1611 Arbella alivaa nguo za kiume, akatoroka, akapanda meli ya kwenda Ufaransa, lakini akachelewa akimsubiri mumewe. Meli ya mfalme ikamkamata baharini. Mumewe alitorokea njia nyingine akafika salama Ostend. Arbella alifia gerezani kwenye ngome ya London mwaka 1615. Yeye ndoa yake ilikuwa na padre na mashahidi. Haikumsaidia kitu, na hapo tulimuonea huruma hata yule kaka yetu wa msimamo.

Turudi kwenye mchezo, tumalizie. Ferdinand anamfunga dada yake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anamletea mkono wa maiti gizani aushike, akidhani ni wa mumewe. Anamwonyesha sanamu za nta za mume na watoto kama maiti. Anamletea vichaa waje kupiga kelele mlangoni. Anataka akili yake ivunjike. Haivunjiki. Wauaji wanapoingia na kamba, Duchesi anamwagiza Cariola ampe mtoto wa kiume dawa ya mafua, na amsimamie binti asali kabla ya kulala. Hajui kwamba watoto nao wameshapangiwa. Tumesoma maneno mengi makubwa kwenye kitabu hiki, na hilo la dawa ya mafua ndilo tulilorudia mara tatu.

Halafu wanamgeukia Cariola. Yeye hana ushujaa wa Duchesi. Anauma, anakwaruza, anasema ana mchumba, anasema ana mimba. Kuna wasomaji wanaomcheka. Sisi hatukucheka. Alikuwa ameapa kuficha siri ya bosi wake, akaificha, na sasa ni lazima afe kwa sababu moja tu: aliiona ndoa. Akifa yeye, ndoa inabaki neno la Antonio, na Antonio yuko mafichoni.

Baada ya mauaji Ferdinand anaangalia maiti na kuanza kusema ukweli. Anakiri alikuwa na tumaini kwamba dada akibaki mjane mpaka kufa, yeye angepata hazina isiyo na mwisho. Anasema kama kitu kidogo, kwa kupita. Kelele zote za heshima na damu ya ukoo, na chini yake hesabu ya urithi. Ni kweli Webster amempa Ferdinand wivu wa ajabu juu ya pacha wake ambao wasomi wameubishania miaka na miaka, na sisi hatutaumaliza hapa.

Mwisho wa tamthilia karibu kila mtu amekufa. Antonio naye, kwa bahati mbaya, gizani, kwa upanga wa mtu aliyetaka kumwokoa. Rafiki yake analeta jukwaani mtoto mkubwa, yule aliyekwenda na baba Milano, na kuomba waliobaki wamsimamishe kwenye haki ya mama yake. Ya mama, si ya baba. Webster alisahau kwamba mapema kwenye mchezo wake kuna mtoto wa ndoa ya kwanza, ambaye ndiye mrithi halisi. Au hakusahau, aliamua tu. Katika historia, mtoto wa ndoa ya kwanza ndiye aliyebaki mtawala wa Amalfi.

Juu ya mji ule, kwenye mlima, umebaki mnara wa mawe unaoitwa Torre dello Ziro. Wenyeji wanasema ndimo Giovanna alimofungwa na watoto wake. Dada yetu alitaka kuona picha yake, tukamtafutia kwenye simu. Akauangalia muda, akauliza kama kuna mahali pameandikwa jina la yule mtumishi.